Pishi ya Madina na Sufuria ya Buyenzi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mlishaji wa viumbe vyote, Ambaye Yeye halishwi. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Kila mwaka wa masomo unapoanza, jumuiya yetu huwapokea wageni. Tunawapeleka kwenye usajili, tunawatafutia chumba, tunawaonyesha msikiti ulio karibu na basi la kupanda. Kisha tunaagana nao mlangoni tukiamini kazi imekwisha. Swali moja huwa hatuwaulizi: leo jioni utakula nini? Tunaona haya kuuliza, au tunadhani jambo la tumbo ni dogo mno kwa watu waliokuja kutafuta elimu. Qur'ani haikuliona dogo.

Sura tunayoisoma kila Ijumaa, Suratul Kahf, inatusimulia habari za vijana. Angalieni aya ya 19. Wanaamka pangoni, wanaulizana wamelala muda gani, hawaafikiani, wanaiacha elimu ya jambo hilo kwa Allah, na papo hapo wanageukia chakula. Mmoja wao atumwe mjini na sarafu yao ya fedha, atazame ni chakula gani kilicho safi zaidi, awaletee riziki kutoka huko, na awe mpole. Mji ni ule walioukimbia, lakini wao wamekuwa wageni ndani yake bila kujua. Lugha ya aya inaonyesha kuwa sarafu ile ni yao wote. Hakuna aliyejinunulia chake akajificha nacho kwenye kona ya pango. Kuhusu hicho chakula "safi zaidi", wafasiri wametofautiana. Wapo waliosema ni kilicho halali zaidi, wapo waliosema ni kilicho kizuri zaidi, na wapo waliosema ni kilicho kingi zaidi. Mwanafunzi anayeishi kwa posho ya mwezi anaelewa vizuri kwa nini rai hii ya mwisho nayo ilipata watu.

Basi aliyefika Bujumbura leo, naye ana sarafu yake na mji asioujua. Atasikia wenyeji wakilitaja soko kuu la katikati ya mji kana kwamba bado lipo. Liliungua tarehe 27 Januari 2013, na biashara ikatawanyika mitaani. Kwetu sisi wa Buyenzi soko ni Ruvumera. Utakuta maharage ya kila rangi, unga wa muhogo, ndizi za kupika, lengalenga (huo ni mchicha), na ndagala waliokaushwa wakitoka ziwani. Samaki aina ya mukeke yupo pia, mtamu sana akichomwa, ila bei yake si ya mwanafunzi, labda siku ya posho. Jiko la mkaa hapa huitwa mbabula. Uliza jiko, utaeleweka, kwa sababu Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu zama za Wabelgiji. Lakini ukisema mbabula, muuzaji atatabasamu.

Kuhusu nyama nitasema kidogo, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi na si mufti. Uliza nani amechinja, na uliza kwa upole, kama walivyousiwa wale vijana. Mahali pengi ambapo mshikaki wa mbuzi, yaani burusheti, unanukia vizuri jioni ni penye bia ya chupa, au urwarwa wa ndizi. Hapo suala si nyama peke yake. Mtume (s.a.w.) ametukataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, hata kama sahani yako wewe ni safi. Wapo Waislamu wanaochoma nyama, wafuate hao. Ila pia tusiwatie wageni wasiwasi usiokuwa na msingi. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba watu walimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa wanaletewa nyama na jamaa walioingia katika Uislamu karibuni, wala hawajui kama jina la Allah limetajwa wakati wa kuchinja. Akawaambia walitaje wao wenyewe, kisha wale. Kuna mwenzetu mmoja kila mwaka hukaa na wageni na kuwahesabia yaliyo haramu katika mji huu hadi wanaondoka wakiamini kuwa mkate peke yake ndio salama. Hiyo si taqwa. Ni kuwafungia watu mlango ambao Allah hakuufunga.

Sasa nije kwenye lililo zito zaidi, nalo ni moyo wa anayekula.

Wahajiri walipofika Madina, mji haukuwakubali mara moja. Abu Bakr na Bilal (r.a.) walishikwa na homa. Bibi Aisha alipokwenda kuwajulia hali alimkuta Bilal, kila homa inapomwachia, anainua sauti kwa beti za kuikumbuka Makka: bonde lake, majani yake, maji yake, vilima vyake. Huyu ndiye Bilal aliyelazwa kwenye mchanga wa moto katika Makka hiyo hiyo, jiwe kifuani! Bado aliikumbuka. Kwa hiyo ndugu yangu uliyelia usiku wa kwanza kwenye godoro jipya, usidhani imani yako ni pungufu. Bibi Aisha akampelekea Mtume (s.a.w.) habari ile. Mtume hakuwakemea. Aliomba dua: Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aifanye yenye afya, awabarikie katika saa yake na mudi yake, na aiondoe homa yake.

Nataka mtazame hapo kwenye saa na mudi. Hivyo ni vipimo vya nafaka. Saa moja ni mudi nne, na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa. Wazee wetu wa pwani walitafsiri saa kwa pishi na mudi kwa kibaba, na hawakukosea hesabu, maana pishi nayo ni vibaba vinne. Katika dua ya kuupenda mji mgeni, Mtume (s.a.w.) aliingiza pishi na kibaba. Aliwaombea watu wake wapate mapenzi, afya, na baraka katika kipimo cha sokoni. Nilisoma hadithi hii miaka miwili darasani bila kuona kibaba kimekaa katikati ya dua. Nilikiona baada ya kuishi hapa.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu wali ni wa nazi, maharage ni ya nazi, hata kisamvu ni cha nazi. Nilipofika Buyenzi nilipata chumba uani kwa mama mmoja mtu mzima, mjane, mwenye wajukuu. Jioni ya kwanza alinikaribisha: "Kuja tukule, mwanangu." Mtanga nikasimama nikijiuliza hicho ni Kiswahili gani. Kisha nikaona sufuria. Maharage yamekolea mawese mekundu, na ugali wa muhogo unaovutika kama gundi. Nikamjibu, "Ahsante mama, nimeshiba." Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nikaingia chumbani nikala biskuti nilizotoka nazo nyumbani, gizani, ili mwanga usionyeshe kuwa natafuna.

Siku ya pili alinikaribisha, nikasema nimeshiba. Ya tatu vile vile. Ya nne hakunikaribisha. Mjukuu wake, ambaye watoto hawajui kuficha, ndiye aliyeniambia bombani: "Bibi anasema wewe unachukia chakula chetu."

Ndugu zangu, wanawake wa Madina waliwahi kuletewa chakula mbele ya Mtume (s.a.w.), wakasema hawana hamu nacho. Mtume akawaambia wasikusanye njaa na uongo pamoja. Amelipokea Asma bint Yazid (r.a.). Mimi niliyavikusanya yote mawili kwa siku tatu, nikaongeza la tatu ambalo ni kibri, halafu nikawa nalalamika kwenye simu kwa wazazi kuwa watu wa huku ni wagumu kuzoeleka.

Baada ya Isha nilikwenda kukaa naye barazani nikamwambia ukweli: kwamba sikuwa nimeshiba, kwamba niliogopa chakula nisichokijua, na kwamba nilisema uongo. Nilitarajia anune. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akaingia ndani, akatoka na sahani. Nikauliza hiki ni nini. "Isombe." Nikaonja. Majani ya muhogo yaliyotwangwa! Ilikuwa kisamvu. Tofauti ni kwamba mahali pa nazi pana mawese. Keshoye akapika ndagala, nikawatambua kabla sijaonja: dagaa wa Kigoma, wale wale ambao mama yangu huwanunua sokoni Tanga na kuwakaanga na nyanya. Ziwa ni moja. Nilikuwa nimesafiri kutoka pwani mpaka ncha ya kaskazini ya Tanganyika kuja kukikataa chakula ambacho kimekuwamo katika chungu cha mama yangu tangu sijaota meno.

Mtu ataniuliza, je, ni dhambi kutopenda chakula? Hapana. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwekewa nyama ya dhabbu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, nyumbani kwa Bibi Maymuna (r.a.). Alinyoosha mkono, akaambiwa ni dhabbu, akaurudisha. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Mtume akasema hapana, ila hakuwa akipatikana katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta sahani kwake, akala, na Mtume anamtazama. Hadithi hii ingepaswa kubandikwa jikoni kwa kila mwanafunzi anayeishi ugenini. Mtume alisema ukweli kuhusu ulimi wake bila kukiita chakula kibaya, bila kumzuia mwenzake na bila kumuaibisha mwenye nyumba. Hakudai ameshiba. Na imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra kuwa hakuwahi kukitia aibu chakula hata siku moja. Akikipenda anakila, asipokipenda anakiacha.

Huyo Abu Hurayra ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Abu Hurayra (r.a.) alikuwa mgeni Madina, mtu wa kabila la Daws kutoka Yemen, akaishi na Ahlu Suffa katika kibaraza cha msikiti. Watu wale hawakuwa na mali wala jamaa wa kuwakimbilia pale mjini. Kwa lugha yetu walikuwa wanafunzi wa bweni. Anasimulia, na imo katika Bukhari, kwamba alikuwa akilalia tumbo chini kwa ajili ya njaa, na akifunga jiwe tumboni. Siku moja akakaa njiani. Akapita Abu Bakr, akamuuliza kuhusu aya ya Qur'ani. Anasema wazi kuwa hakumuuliza ila ili amkaribishe chakula. Abu Bakr akapita. Akaja Umar, akamuuliza aya vile vile, kwa nia ile ile. Umar naye akapita. Kisha akaja Mtume (s.a.w.). Alipomuona alitabasamu, akayajua yaliyomo moyoni na usoni mwake, akamwambia amfuate. Nyumbani palikuwa na bakuli la maziwa. Mtume akamwamuru awaite Ahlu Suffa wote. Abu Hurayra anakiri alihuzunika, akiwaza bakuli moja litawafaa nini watu wale wote. Wakanywa wote wakatosheka, kisha akaambiwa anywe, na anywe, na anywe, mpaka akaapa kuwa hana tena pa kuyapitishia.

Tusimseme vibaya Abu Bakr wala Umar, Allah awe radhi nao. Hao ni watu waliotoa mali zao kwa ajili ya dini kuliko sisi sote. Hawakumnyima, hawakuona tu. Waliulizwa swali, wakaenda. Hilo ndilo linalotisha, kwamba hata mtu mwema anaweza kupita.

Mwezi wa Februari 2025, Bukavu ilipotekwa na M23, benki kule zilifungwa na maelfu ya watu walikimbilia upande huu wa Rusizi. Tulikuwa na mwenzetu mmoja kutoka Bukavu aliyekuwa akisoma hapa tangu mwaka uliotangulia. Tulimpa pole. Tulimuuliza kama wazazi wako salama, akasema wako salama, tukasema Alhamdulillah. Katika wiki hizo alikuwa akija chumbani kwangu mchana, karibu kila siku, na daftari la nahau. Nini tofauti ya hali na tamyizi? Kwa nini neno hili limewekewa fat-ha? Nilikuwa nikimjibu kwa ufasaha, na nakiri nilifurahi kuulizwa. Nilikuwa namweleza huku sufuria yangu iko motoni, akishukuru anaondoka, nami nafunua kifuniko.

Kijana yule alinipita kwa alama katika nahau. Nililijua hilo. Sikujiuliza kwa nini ananiuliza.

Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi. Katika mwezi ule maswali yakakoma, na uso wake ukanawiri. Alikuwa wa kwanza kufika msikitini Magharibi na wa mwisho kuondoka. Tukasema mashaallah, ndugu yetu ameshikamana na ibada. Idi ilipokaribia, sisi tukiulizana habari za kanzu, yeye akanyamaza kabisa. Siku chache baada ya Idi alikuja mchana na daftari. Safari hii mama mwenye nyumba alikuwa ameketi uani anachambua maharage. Alimtazama mara moja, akaniambia mimi, hakumwambia yeye: "Huyu mtoto ana njaa. We humuoni?"

Qur'ani inatuambia katika Suratul Baqara, aya ya 273, kuhusu mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa namna wanavyojizuia. Utawatambua kwa alama zao. Yule mama hakuwahi kusoma tafsiri. Aliitambua alama. Mimi nilikuwa nimeihifadhi aya.

Fedha kutoka nyumbani zilikuwa zimekatika tangu benki zilipofungwa. Alikuwa akila mara moja kwa siku, mandazi na chai, na siku nyingine chai peke yake. Ramadhani kwake haikuwa mwezi wa njaa. Ilikuwa mwezi pekee aliokuwa na uhakika wa kula jioni, kwa sababu ya futari ya msikiti.

Tulifanya nini? Tulifanya walivyofanya Waash'ari. Abu Musa (r.a.) amepokea kwamba Waash'ari, watu wengine wa Yemen waliohamia Madina, walipopungukiwa na chakula vitani, au chakula cha watoto wao kilipopungua mjini, walikuwa wakikusanya vyote walivyonavyo katika nguo moja, kisha wakigawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) akasema wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Basi sisi wanane wa Buyenzi tukaacha kupika vyumbani, mbabula nane kwa sufuria nane. Sasa ni mbabula moja uani kwa mama. Mwenye mchele analeta mchele, mwenye faranga analeta mkaa, asiye na kitu anachambua maharage, na hakuna daftari linaloandikwa nani kaleta nini. Tuliligombania jambo hilo, kwa kweli. Wapo waliotaka daftari. Mimi pia mwanzoni nilitaka, mpaka tukakubaliana kuwa daftari lingemrudisha yule tuliyemkusudia kwenye chai yake. Maharage tunayaloweka usiku, maana mkaa ni ghali. Mtu mmoja ndiye huenda Ruvumera na fedha ya wote, kama wale vijana wa pangoni. Yakizidi, Mtume (s.a.w.) alikwisha kumuelekeza Abu Dharr: ongeza maji kwenye mchuzi, uwakumbuke majirani.

Majirani wenyewe si Waislamu watupu, na hilo nalo liko sawa. Abdullah bin Salam (r.a.), aliyekuwa mwanachuoni wa Kiyahudi, anasema jambo la kwanza alilolisikia kwa Mtume alipowasili Madina lilikuwa kuwaamrisha watu waeneze salamu, walishe chakula, waunge udugu na wasali usiku wakati watu wamelala. Hapa Burundi watu wakikutana husema "Amahoro", yaani amani. Wanafunzi wenzetu Wakatoliki wanaopita uani hutusalimia hivyo, tunawaitikia, na sahani zinaongezwa.

Kwa waliofika mwaka huu: sinia huwekwa uani baada ya Adhuhuri, siku zote isipokuwa Jumatatu na Alhamisi, ambapo wengi wetu tunafunga na chakula kinakuwa baada ya Magharibi. Viongozi wa jumuiya watawaelekeza nyumba. Msije na kitu siku ya kwanza. Kama hampendi mawese, semeni hampendi, mama hanuni.

Mwenzetu wa Bukavu bado yuko nasi. Zamu yake ya kupika ni Jumatano, na isombe yake imeipita ya kila mtu isipokuwa ya mama. Maswali ya nahau hayajaisha. Juzi alikuja na moja kuhusu mubtada, sufuria likiwa motoni. Nikasogea kwenye jamvi, nikampa kijiko kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.